Jua Lizuiwe Juu ya Bati: Ushauri kwa Wenye Gereji Chato

Pita kwenye gereji za Chato mjini, Muganza, Bwanga au Buseresere kati ya saa sita na saa tisa mchana, uangalie kazi inafanyikia wapi. Mara nyingi haifanyikii bandani. Injini ya bodaboda imeshushwa chini ya mwembe, geti linalochomelewa limelazwa nje kando ya ukuta, na fundi amejikunja kwenye kivuli chembamba cha lori. Banda lililomla mwenyewe akiba ya miaka lipo pale nyuma, mlango wazi, na ndani hamna mtu. Anayelazimika kuingia kuchukua spana anatoka mbio huku akijifuta shingo.

Inaniuma kuona banda zuri likigeuka stoo ya vifaa kwa saa tatu au nne za kila siku, tena zile saa ambazo wateja wanasubiri. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba ifikapo 2030 joto litakuwa linakula asilimia 2.2 ya saa zote za kazi duniani. Kwetu hasara hiyo haingoji 2030. Mteja aliyeambiwa arudi jioni anairudia pikipiki yake kesho, na malipo yanasogea naye.

Ushauri wangu wote unakaa kwenye mpangilio wa matumizi. Pesa ya kwanza iende juu ya bati, ya pili chini ya bati, ya tatu kwenye matundu ya hewa, na feni inunuliwe mwisho. Wengi tunaanza na feni, tunachoka, tunahamia chini ya mwembe.

Na mwembe wenyewe unatufundisha. Chato iko karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, lakini iko juu: Ziwa Victoria peke yake lina mwinuko wa mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na sisi tuko ukingoni mwake. Kwa hiyo hewa yetu ya kivulini si kali kama ya Dar es Salaam. Mchana wa kawaida unacheza kwenye nyuzi 28 au 30, usiku unapoa vizuri. Hewa iliyo chini ya mwembe ndiyo hiyo hiyo inayoingia bandani, mita kumi tu pembeni. Kama chini ya mti kunavumilika na chini ya bati hakuvumiliki, basi hali ya hewa haina kosa. Kosa liko kwenye paa.

Tazama jua letu linavyotembea. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba linapita utosini kabisa. Juni linaegemea kaskazini kidogo, Desemba linaegemea kusini kidogo, lakini mwaka mzima adhuhuri yake inaangukia paani. Kuta za kaskazini na kusini zinapata kidogo, za mashariki na magharibi zinapata asubuhi na jioni, paa linapata kilichobaki, yaani karibu chote. Jua la adhuhuri lisilo na wingu humwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Banda la mita 6 kwa 10 lina paa la mita za mraba 60, kwa hiyo linapokea takribani kilowati 60. Hizo ni pasi za umeme 60 zilizowashwa kwa pamoja na kupangwa juu ya kichwa chako. Feni moja ya mezani itafanya nini hapo?

Fanya jaribio hili kabla hujatumia shilingi. Saa saba mchana simama chini ya bati tupu, nyanyua mkono, kiganja kielekee juu. Utasikia joto linakushukia kiganjani. Sasa mwambie kijana apitishe kipande cha boksi kati ya kiganja chako na bati. Joto linakatika papo hapo. Aondoe boksi, linarudi papo hapo. Hewa ya banda haijabadilika hata kidogo katika sekunde hizo. Kilichokatwa ni miale. Bati lililofika nyuzi 60 linarusha miale ya joto chini bila kukoma, na miale haipeperushwi na feni, kama vile mwanga wa taa usivyopeperushwa. Inazuiwa kwa kuwekewa kitu katikati, au kwa kuhakikisha bati lenyewe halifiki nyuzi hizo. Ukilielewa hili, mengine yote ni utekelezaji.

Tuanze juu basi, na rangi. Bati lililoshika kutu hunyonya zaidi ya nusu ya joto la jua, na likishaiva kabisa hunyonya kama robo tatu. Rangi nyeupe safi inafanya kinyume chake: inarudisha sehemu kubwa ya jua angani, na kile kidogo inachonyonya inakitoa haraka. Ndiyo maana paa jeupe linabaki karibu na joto la hewa wakati la jirani haligusiki. Bati jipya linalong'aa huwadanganya watu hapa. Linarudisha mwanga, ni kweli, lakini chuma kinachong'aa ni kizito kutoa joto likishaingia. Acha spana ya krome na ndoo nyeupe ya rangi juani kwa nusu saa, halafu shika vyote viwili. Spana itakuchoma, ndoo utaibeba.

Mabati ya msauzi ya maruni na kijani kibichi yanapendeza sana, na kwenye nyumba ya kuishi yenye dari nzuri sina ugomvi nayo. Juu ya gereji isiyo na dari ni kujitafutia shida. Kama bado hujanunua bati, agiza nyeupe au rangi ya krimu iliyo nyepesi kuliko zote dukani. Kama bati liko juu tayari, lipake. Sugua kutu kwa brashi ya waya, osha paa lote kwa maji na sabuni ya unga, acha likauke, paka redoksaidi kwenye sehemu zenye kutu, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje. Usichukue rangi ya mafuta ukaipaka moja kwa moja kwenye bati jipya la zinki: mafuta yake na zinki hugeuka kitu cha utelezi kama sabuni pale chini, na baada ya msimu mmoja rangi inabanduka vipande vipande. Bati jipya liache lipigwe na mvua miezi kadhaa kwanza, au lipakwe praima ya zinki.

Chokaa je? Wazee waliitumia na inaleta ubaridi siku hiyo hiyo, lakini mvua chache za masika zinaiosha yote. Tena mabati mengi ya siku hizi yana koti la aluminiamu na zinki, na koti hilo linaliwa na chokaa mbichi na saruji. Kwa bati la namna hiyo, achana na chokaa.

Kazi ya kupaka ifanyike Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kabla vuli haijaanza, na ifanyike asubuhi baada ya umande kukauka. Bati la saa sita linakausha rangi kabla haijashika. Anayepanda akanyage kwenye mstari wa misumari, maana hapo chini kuna papi; katikati ya papi bati la geji 30 linabonyea na kuanza kuvuja. Halafu kumbuka kwamba vumbi letu jekundu la barabara za changarawe halichelewi kugeuza paa jeupe kuwa la udongo. Lioshe mara moja kwa mwaka, mwisho wa kiangazi. Ni kazi ya asubuhi moja ya vijana wawili.

Rangi peke yake itakupa nafuu kubwa, na kwa mwenye mfuko mdogo ningesema aishie hapo kwa mwaka wa kwanza. Lakini kwa anayetaka banda la kufanyia kazi mchana kutwa, dawa ninayoiamini kuliko zote ni paa juu ya paa.

Mafundi wakongwe wanaijua bila kujua kwamba wanaijua. Land Rover za zamani zilikuwa na toleo la nchi za joto lenye bati la pili juu ya paa, likiwa limeinuliwa kidogo ili hewa ipite katikati. Bati la juu linapigwa na jua, linachemka, hewa inapita chini yake na kuondoka na joto, na bati la chini linabaki kivulini. Abiria anakaa chini ya kivuli cha chuma, badala ya chuma chenyewe kilichochomwa na jua.

Msanifu majengo Diébédo Francis Kéré alitumia wazo hilo kijijini kwake Gando, Burkina Faso, kwenye shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Aliweka dari la matofali ya udongo juu ya madarasa, kisha akainua paa la bati juu yake kwa kenchi nyepesi za nondo, kukiwa na nafasi kubwa ya hewa kati ya dari na bati. Kinachonivutia kwa niaba ya mafundi wetu ni namna lilivyojengwa: nondo za kawaida za dukani, misumeno ya mkono, mashine ndogo ya kuchomelea, na wanakijiji waliofundishwa kazi pale pale. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni kubwa kuliko zote kwa wasanifu majengo. Gereji yoyote ya Chato inayotengeneza mageti ina kila chombo kilichohitajika kuinua paa lile.

Kwa banda ambalo tayari lina bati, usilibomoe. Liache lile la zamani liwe la chini, hata kama lina kutu, ilimradi halijatoboka. Juu yake simamisha miguu mifupi ya ango au skwea paipu, ipite kwenye bati na kufungwa kwa bolti kwenye kenchi, kila tundu lizibwe kwa mpira na lami. Juu ya miguu hiyo laza papi za chuma, kisha bati jipya jeupe. Nafasi ya katikati iwe inchi 6 hadi 12, na iachwe wazi pande zote mbili za chini na kwenye mgongo, ili hewa iingie chini na kutokea juu. Iwekee wavu wa kuku ili ndege wasiweke makazi. Uzito usikutishe: bati la geji 30 halifiki kilo tatu kwa mita ya mraba, kwa hiyo paa zima la pili la mita 60 za mraba, ukitoa chuma cha miguu na papi, haliongezi kilo 180.

Kinachotakiwa kukutisha ni upepo. Mvua za kwanza za Oktoba zinakuja na dhoruba kutoka ziwani, na kila mwaka tunasikia shule au soko fulani limeezuliwa. Paa lililoinuliwa upepo unalishika kwa chini na kulinyanyua. Kwa hiyo misumari ya mwavuli haitoshi hapa. Tumia skrubu za bati zenye mpira, na kwenye kingo na pembe zipigwe kwa ukaribu mara mbili ya katikati. Miguu ifungwe kwenye kenchi, kenchi zifungwe ukutani kwa bendi za chuma zilizozikwa kwenye zege la lenta. Fundi anayekuambia uzito wa bati utalishikilia bati, mlipe nauli aende zake.

Ukiwa na chuma kingi hivyo juu ya kichwa, usisahau radi. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na nyingi hupiga usiku na alfajiri. Mwite fundi umeme mwenye leseni aliunganishe paa na ardhi kwa waya mnene kwenye pembe zinazokabiliana, kila waya uishie kwenye fimbo ya ethi iliyopigwa chini. Wakati wa ngurumo, wewe na vijana wako ondokeni kwenye mashine za chuma.

Sasa chini ya bati. Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi na ndipo hatari kubwa ilipo, maana gereji ni mahali pa cheche na petroli. Mwenye nyumba akiweka kitu kibaya darini analala na joto. Mwenye gereji anaweza kuamka hana gereji.

Foili ya alumini, ile yenye mgongo wa nailoni iliyofumwa, ni nyepesi, haigharimu sana, na inakata miale kwa kiasi kikubwa. Inafanya kazi kwa sharti moja tu ambalo mafundi wengi hawalizingatii: uso unaong'aa lazima utazame hewa. Ukiibana foili ikagusana na bati, joto linapita moja kwa moja na umepamba tu. Ishushe ining'inie inchi moja au mbili chini ya bati, ivutwe vizuri isilegee, na upande unaong'aa uangalie chini. Ukiangalia juu, vumbi litaufunika ndani ya kiangazi kimoja, na foili yenye vumbi si foili tena. Ikiwa inang'aa pande zote mbili, vizuri zaidi.

Lakini foili ni chuma na inapitisha umeme. Australia ilijifunza hilo kwa uchungu mwaka 2009 na 2010, serikali yake ilipoharakisha mpango wa kuweka vizuia joto kwenye mapaa ya nyumba. Vijana wanne waliokuwa wakifanya kazi hiyo walikufa, watatu kati yao kwa umeme, na wengine kati ya hao walikuwa wakipigilia foili pini za chuma zilizogusa nyaya. Zima meni swichi kabla hujapanda. Nyaya zote za paani ziwe kwenye paipu na zisogezwe mbali na foili. Msumari usipigwe mahali ambapo hujui nyuma yake kuna nini.

Lile povu jeupe gumu linalokuja na televisheni na friji mpya, na sponji za magodoro, vizuie kabisa kuingia kwenye paa la gereji. Najua vinashika joto vizuri na najua vinapatikana bure. Vinawaka haraka, vinadondosha matone ya moto, na moshi wake unaua kabla ya moto wenyewe. Grainda moja inarusha cheche mita kadhaa, na cheche moja inayojificha kwenye sponji inaweza kukaa hapo muda mrefu kabla haijalipuka moto. Pumba za mpunga nazo, zilizojaa kwenye kila mashine ya kukoboa, ni kizuia joto kizuri cha asili, ila zikishika cheche zinafukuta ndani kwa ndani kwa saa nyingi bila mwali. Ukitaka kuzitumia, ziwe juu ya dari ya ofisi iliyofungwa pembeni, kamwe zisiwe juu ya sehemu ya kuchomelea. Mikeka ya matete ina shida hiyo hiyo, na zaidi ya hapo ukate wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na matete yetu mengi yako humo.

Kwa sehemu ya cheche, dari salama ni la kitu kisichowaka: sufi ya mawe au sufi ya kioo iliyofungiwa juu ya bodi za saruji, au bodi hizo peke yake zenye foili juu. Jipsamu haiwaki kirahisi, ila haipendi mtikisiko wala tone la maji, na gereji ina vyote. Wapo wanaopiga lipu ya saruji kwenye wavu wa kuku kama dari. Linazuia moto kweli, lakini fanya hesabu kwanza: lipu ya inchi moja ina uzito wa kilo 50 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo kwenye banda letu la mita za mraba 60 unatundika tani tatu. Kenchi za mbao za mbili kwa nne zilizopigwa kwa ajili ya bati hazikukusudiwa kubeba hilo. Dari zito la Gando limebebwa na kuta na boriti za zege, halikutundikwa kwenye kenchi.

Na hata ukiwa na dari salama, kazi ya mwisho ya kuchomelea ifungwe saa nzima kabla ya kufunga banda, mtu abaki akikagua. Namba ya Zimamoto ni 114. Iandike ukutani kwa rangi, kubwa.

Hewa sasa. Hata ukizuia jua vizuri, watu, injini na mashine zinatoa joto, na joto hilo linapanda. Banda letu la kawaida lina mlango mkubwa mbele, kuta tatu zilizofungwa, na bati lililobanwa hadi kwenye ukuta kwa fishabodi. Hewa moto inakwenda juu, inakuta hakuna pa kutokea, inakaa hapo na kushuka kidogo kidogo hadi usawa wa kichwa.

Yanatakiwa tundu la juu na tundu la chini, yote mawili. Hesabu inaonyesha hivi: ukiwa na mita moja ya mraba ya uwazi juu na nyingine chini, zikiachana kwa mita tatu za kimo, na ndani kukiwa na joto nyuzi tano tu zaidi ya nje, hewa yote ya banda la mita 6 kwa 10 inabadilika kila baada ya dakika kumi hivi, bila umeme na bila upepo. Ongeza ukubwa wa matundu, muda unapungua. Fungua la juu peke yake ukasahau la chini, na karibu hakuna kinachotembea.

Tundu la juu zuri kuliko yote ni mgongo ulioinuliwa: kwenye kilele cha paa acha ufa wa upana wa futi moja urefu wote wa banda, juu yake simamisha kipaa kidogo kilichopita ufa huo kwa futi moja kila upande ili mvua ya kusukumwa na upepo isiingie. Kama huwezi kugusa mgongo, toboa pembetatu za kuta za mwisho, kule juu kabisa chini ya kofia. Yale makofia yanayozunguka kwa upepo kwenye maghala makubwa nayo yanasaidia, lakini mgongo wazi unapitisha hewa zaidi na hauna beringi ya kufa.

Matundu ya chini yawe kwenye ukuta unaopokea upepo. Mchana upepo wa ziwa unatoka majini kuja nchi kavu, usiku unageuka. Wavuvi wa Kasenda wanaupangia safari zao. Uelekeo unabadilika kutegemea ghuba na vilima vya mahali ulipo, kwa hiyo funga utepe wa kitambaa juu ya mti wa wazi na uuangalie kila mchana kwa wiki moja. Halafu jenga matofali ya matundu upande huo kuanzia nusu mita juu ya sakafu. Mwizi? Nondo ndani ya matundu, zichomelewe kwenye fremu. Wavu wa mbu usiutumie hapa: unapunguza hewa tangu siku ya kwanza, na vumbi lenye grisi pamoja na wale wadudu wadogo wa ziwa wanaofuata taa kwa makundi wanauziba kabisa.

Kuna sababu nyingine ya kutaka tundu la chini, na hii inahusu uhai kuliko starehe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka, unatambaa sakafuni, unatulia kwenye shimo la kukagulia magari na kusubiri cheche. Pitisha bomba la inchi 4 kutoka chini ya shimo hadi nje ya ukuta, upande ambao sakafu ya nje iko chini ikiwezekana, na shimo lisiwe na soketi wala taa ya mkono iliyochubuka waya. Injini isiachwe ikiunguruma ndani mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya mvua. Moshi wa ekzosi una gesi isiyo na harufu inayoua. Anayechomelea bati la zinki au bomba lenye koti la zinki alikwangue kwanza pale pa kuchomea na asimame upepo ukimtokea nyuma ya bega, la sivyo usiku ataamka na homa na kutetemeka akidhani ni malaria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi hewa ya kutosha, na mwenye vijana watatu wa kujifunza kazi ni mwajiri.

Wengi wetu tumepanga kiwanja au banda. Usipake wala kutoboa paa la mtu kwa maneno ya mdomo. Mwandikie mwenye banda kwamba gharama hii itakatwa kwenye kodi ya miezi kadhaa, asaini, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Paa ni lake na litabaki lake ukihama. Ana sababu ya kukubali. Akikataa, bado kuna foili uliyoifunga kwa waya unaoweza kuufungua, na bado kuna mti. Panda mwarobaini au mwembe upande wa magharibi wa banda, mita tano au sita kutoka ukutani, ili ukikua mizizi isipasue msingi na matawi yasiangushe majani paani, maana majani yaliyolowa yanaozesha bati. Jua la saa tisa na saa kumi, linaloingia kwa ubavu chini ya paa lolote, halina dawa nzuri kuliko mti huo.

Anayejenga upya ana bahati ya kuweka banda lake kwa uelekeo sahihi bila gharama ya ziada. Mgongo wa paa ulale mashariki kwenda magharibi, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na paa lichomoze sentimita 90 nje ya kuta hizo. Kwa jua letu, chomozo hilo linafunika karibu mita mbili za ukuta adhuhuri hata katika miezi ya Juni na Desemba. Mwanga uupate kwenye kuta hizo hizo kwa madirisha mapana ya juu. Mabati angavu ya fiba yanayowekwa katikati ya paa yanaleta mwanga na jua pamoja. Mawili yanatosha kukurudishia joto ulilolipia kulizuia.

Feni ije sasa, kama bado inahitajika. Isiwe ya dari: chini ya paa la gereji inachota hewa moto iliyokusanyika juu na kukumwagia kichwani. Chukua ya kusimama, iweke karibu na matundu ya chini upande wa ziwa, ielekee mgongoni kwa anayefanya kazi, mbali na sehemu ya kupulizia rangi. Kompresa na jenereta vihamishiwe nje, chini ya kibanda kidogo cha bati upande wa kusini. Mota ya kompresa ya kilowati 2 inageuza karibu umeme wake wote kuwa joto, na ikikaa nje inavuta hewa iliyo baridi zaidi na kujaza tanki mapema kidogo. Bomba la hewa la mita nne linatosha kuifikisha ndani.